Kasa Asiyeweza Kukohoa

Kasa hakohoi. Shikeni hilo kwanza, wajukuu zangu, maana hadithi yote ya leo imesimama juu yake. Wewe ukipaliwa na maji unakohoa mpaka machozi yanakulengalenga, na maji yanatoka. Yanatoka kwa sababu chini ya mapafu yako kuna msuli mpana, na mbavu zako zinaweza kubana na kuachia. Kasa hana msuli huo. Mbavu zake zimeungana na gamba, na gamba halitanuki wala halinywei. Mapafu yenyewe yamelala mgongoni, juu kabisa, chini ya paa la mfupa. Uchafu ukishaingia humo, kuutoa ni kazi.

Sasa tumtafute kasa wetu. Nimemtunga mimi, lakini yote yatakayompata yamewapata wenzake wa kweli, mamia kwa mamia. Hospitali atakakofikishwa huwaandikia wagonjwa namba gambani, basi na sisi tumwite Arobaini.

Arobaini ana miaka mitatu hivi. Ana kilo 2 na nusu, na gamba lake lina urefu wa sentimita 25. Ni kasa wa Kemp, jamii ya kasa wa baharini iliyo hatarini kuliko zote, na wengi wao hutotolewa kwenye ufukwe mmoja tu, Rancho Nuevo, kaskazini-mashariki mwa Mexico. Mwaka 1947 bwana mmoja, Andrés Herrera, aliupiga filamu ufukwe huo mchana kweupe, na wataalamu walioiona filamu hiyo baadaye wakakadiria kwamba majike 40,000 walitoka majini siku ile kutaga. Watu wakafukua mayai wakauza. Meli za kambamiti zikawanasa wakubwa nyavuni wakafa kwa kukosa hewa. Mwaka 1985 viota vyote vilivyohesabiwa vilikuwa 702. Ndiyo maana utamkuta mzee mstaafu anaacha blanketi saa tisa usiku, kwenye baridi ya kukata masikio, anakwenda kumtafuta kasa wa kilo 2 na nusu.

Baridi hiyo iko Cape Cod, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Kasa wadogo hubebwa na mkondo wa bahari kutoka Ghuba ya Mexico, hupanda kaskazini wakiwinda kaa, na wakati wa joto hula huko wakashiba. Taabu huanza maji yanapopoa. Arobaini anageuka aelekee kusini, anakuta nchi kavu. Rasi ya Cape Cod imejikunja kuizunguka ghuba, na njia ya kutokea iko kaskazini, kulekule baridi inakotoka. Ili ajiokoe lazima kwanza aogelee kuifuata baridi, na hakuna kitu mwilini mwake kinachomwambia afanye hivyo. Anazunguka humo wiki baada ya wiki, anagonga mchanga, anarudi, anagonga tena.

Joto la mwili wa kasa hufuata joto la maji. Maji yakiwa nyuzi 28, naye yuko karibu na 28. Bahari yetu sisi, hata Agosti kusi ikivuma, hukaa karibu na nyuzi 25, kwa hiyo kasa wa Mafia au wa Lamu hajui ninachokisema. Cape Cod ya Novemba maji hushuka chini ya nyuzi 10. Hapo kasa hulegea mwili mzima. Hapigi mapezi, hali, hazami. Anaelea juujuu siku nyingi, mwani unamwotea mgongoni, mawimbi yanampiga kichwani, na kila anapovuta pumzi maji kidogo yanaingia.

Na maji hayo hayaingii peke yake. Katika tone moja la maji ya bahari kuna bakteria kwa maelfu. Wengi hawana habari na kasa. Wachache wana habari naye sana: Vibrio, Aeromonas, Pseudomonas. Majina magumu, najua, lakini hawa si wageni wa kutisha waliotoka mbali. Wapo majini siku zote, wapo kwenye ngozi yake, mdomoni mwake, tumboni mwake tangu akiwa mchanga. Kikulacho ki nguoni mwako. Kasa mzima anaishi nao bila hata kuugua mafua, kwa sababu seli nyeupe za damu yake zinawadhibiti. Lakini seli hizo zinahitaji joto ili zifanye kazi. Kasa akipoa zinazubaa, na wapo bakteria wa majini wanaovumilia ubaridi kuliko zinavyouvumilia seli.

Kwa hiyo daktari mzuri wa kasa haanzi na swali la ni bakteria gani. Anaanza na swali la ni kitu gani kilichowapa nafasi. Mimi naona hilo ndilo swali zuri kuliko yote katika tiba ya wanyama hawa, na mtaona jinsi linavyorudi.

Upepo ukavuma, ukamtupa Arobaini ufukweni. Watu wa kujitolea wanaotembea pwani baada ya maji kujaa wanamkuta amelala mchangani, macho yamefumba, mapezi baridi. Wewe ungefanyaje? Namsikia mmoja wenu anasema amrudishe majini. Hapana, huko ndiko alikougulia. Mwingine anasema amkimbize ndani kwenye moto. Huyo ana huruma, lakini atamuua. Wanachofanya ni hiki: wanamsogeza juu, maji yasimfikie, wanamfunika kwa mwani mkavu upepo usimpige, wanachomeka kijiti cha alama, wanapiga simu. Gari linalokuja kumchukua limezimwa kipasha joto makusudi. Dereva anatetemeka kwa ajili ya abiria. Na abiria amelazwa juu ya taulo ndani ya boksi la ndizi, lile lile la katoni linalobeba ndizi za dukani, kwa sababu lina nguvu, lina matundu ya hewa, na linamtosha kasa wa Kemp vizuri kabisa.

Hospitali iko mji wa Quincy, karibu na Boston. Ni ya New England Aquarium, katika jengo la uwanja wa zamani wa kuundia meli. Mwaka 2014 msimu ulikuwa mbaya kupita kiasi: kasa zaidi ya 1,000 walisukumwa ufukweni katika majuma machache. Fikiria foleni ya maboksi ya ndizi.

Kwanza wanahakikisha kama yu hai, na si jambo la kuangalia kwa macho. Moyo wa kasa aliyepigwa na baridi unaweza kupiga mara moja, ukanyamaza kwa muda mrefu, kisha ukapiga tena. Daktari anaweka kipimo cha sauti shingoni na kusubiri. Anagusa kope aone kama itacheza. Anachukua damu kidogo shingoni. Halafu, badala ya kumpasha moto, anamweka katika chumba ambacho kimezidi joto la mwili wake kwa nyuzi chache tu. Kesho anahamishiwa chumba chenye joto zaidi kidogo. Anapanda nyuzi 3 hivi kwa siku, mpaka baada ya siku nne au tano anafika 24. Ukimpasha kwa haraka, misuli na moyo vinaamka vikadai hewa na damu safi, na mapafu bado hayana uwezo wa kuvitosheleza.

Siku ya tatu au ya nne ndipo ugonjwa wenyewe unapojitokeza. Arobaini anatiwa kwenye bwawa, mtu amesimama pembeni, na tazama: anaogelea amelalia upande. Bega la kushoto liko chini, la kulia juu. Mapafu ya kasa, mbali na kuvuta pumzi, ndiyo yanayomweka sawa majini. Pafu likijaa majimaji linakuwa zito, upande wake unazama. Wanapiga eksirei. Mahali ambapo hewa ingeonekana nyeusi pana mabaka meupe. Ni nimonia.

Mtoto mwenye nimonia anakohoa, anatoa makohozi, na kukohoa kwenyewe ni nusu ya tiba. Nilishawaambia kuhusu kasa. Na kuna tatizo la pili. Ukipata jipu, usaha wako ni majimaji. Ukitumbuliwa unamwagika, kesho unacheza mpira. Seli nyeupe za mwili wako zina vimeng'enya vinavyoyeyusha kila kitu pale vitani. Seli za kasa za kazi hiyo zimepungukiwa na vimeng'enya hivyo. Usaha wake hauyeyuki. Unakauka, unakuwa kibonge cha manjano, unamegekamegeka kama kiini cha yai lililochemshwa mno. Hauwezi kumwagika hata ukiukamua. Jipu la kasa halitumbuliwi, linapasuliwa kwa kisu na kile kibonge kinatolewa kizima. Wale kobe wadogo wa misituni huko Marekani huota jipu namna hiyo sikioni, likavimba upande mmoja wa kichwa mpaka mtu anadhani mnyama anatafuna kitu. Nyuma yake mara nyingi kuna upungufu wa vitamini A, ambao umeharibu ngozi laini ya ndani ya sikio na kuwapa bakteria nafasi. Lile swali la daktari, mnaona.

Lakini jipu la sikioni linafikiwa na kisu. Vibonge vilivyo ndani ya mapafu, chini ya mfupa, utavifikiaje? Havifikiwi. Vinasubiriwa, na dawa inapigwa.

Dawa ipi? Hapa kuna kazi ambayo ningependa kila mmoja wenu aifanye walau mara moja maishani. Wanachukua ute kidogo kutoka kwenye njia ya hewa ya mgonjwa, wanaupaka juu ya sahani ndogo yenye chakula cha bakteria kilichoganda. Juu yake wanapanga vipande vya karatasi vya duara, vidogo kuliko ukucha, kila kimoja kimelowekwa antibiotiki yake. Sahani inawekwa penye joto usiku kucha. Asubuhi sahani yote imefunikwa na utando wa bakteria, ila kuzunguka baadhi ya karatasi kuna duara safi, tupu. Pale dawa imewashinda. Karatasi ambayo utando umeifikia mpaka ukingoni, dawa yake ni bure kwa mgonjwa huyu. Wanapima upana wa maduara kwa rula, na Arobaini anapata dawa yake.

Sindano yenyewe inachomwa sehemu ya mbele ya mwili, kwenye bega, haichomwi nyuma. Damu inayotoka miguu ya nyuma ya kasa inaweza kupitia figo kabla ya kuzunguka mwili, na figo zikaichuja dawa kabla haijafika vitani. Na kwa kuwa mwili wake unafanya kila kitu polepole, dawa nayo hukaa humo muda mrefu: kwa antibiotiki moja inayotumika sana, ceftazidime, sindano moja hutosha siku 3. Sisi tunapewa vidonge asubuhi, mchana na jioni, na bado tunasahau cha mchana.

Kuna jambo kuhusu joto ambalo sitaki liwapite. Mwaka 1975 mtafiti wa Marekani, Michael Kluger, na wenzake walichapisha jaribio walilolifanya kwa mijusi wa jangwani, jamaa wa mbali wa kasa kwa damu. Waliwaambukiza bakteria haohao wa jina Aeromonas, kisha wakawagawa kwenye vyumba vya joto tofauti. Waliokaa penye joto zaidi walipona kwa wingi kuliko waliokaa penye ubaridi. Na mjusi mgonjwa akiachwa achague mwenyewe, huenda kukaa mahali pa joto zaidi ya alipozoea kukaa akiwa mzima. Yaani homa yake anaitengeneza kwa miguu. Wewe mwili wako unajipandishia homa ukiwa kitandani. Mjusi anaifuata juani. Arobaini angefanya hivyo pia kama Ghuba ya Cape Cod ingekuwa na mahali pa joto pa kwenda. Vile vyumba vya Quincy vinampa homa aliyoikosa.

Wiki zinapita. Anakula ngisi na samaki waliokatwakatwa, uzito unapanda, anaogelea karibu sawa. Halafu siku moja mhudumu anaona pezi la kulia halinyooki. Eksirei tena: kwenye mfupa wa bega kuna kijishimo ambacho hakikuwepo mwezi uliopita. Wakati ule mwili umelala kwa baridi, bakteria wachache waliingia kwenye damu, wakasafiri, wakatia nanga kwenye kiungo na kuanza kula mfupa taratibu. Hii huwatokea kasa wa Kemp waliopigwa na baridi, na hujionyesha wakati ambapo kila mtu ameshaanza kufurahi. Dawa inaongezwa kwa miezi. Hakuna wa kulaumiwa. Ugonjwa wa kasa huenda kwa mwendo wa kasa.

Mtaniuliza, babu, kwetu hakuna baridi hiyo, basi kasa wetu hawaugui? Wanaugua. Bakteria ni walewale, nafasi ndiyo inayobadilika. Watamu, pwani ya Kenya, kuna kituo cha shirika la Local Ocean Conservation ambako wavuvi hupiga simu wakimkuta kasa kwenye nyavu, na wagonjwa huletwa kutibiwa. Mshipi uliojikaza kwenye pezi siku nyingi hukata ngozi mpaka mfupani. Ndoana hutoboa koo. Pangaboi ya boti hupasua gamba, na gamba, mjue, ni mfupa hai wenye damu, umefunikwa kwa vibamba vya kitu kilekile cha kucha zako. Likipasuka ni kidonda kama kidonda kingine. Plastiki aliyoimeza huziba tumbo, anakonda, na aliyekonda hana nguvu ya kuwazuia bakteria aliokuwa akiishi nao kwa amani.

Sasa mgeuzie kibao mtu. Zamani huko Marekani kasa wadogo wa mabwawani waliuzwa madukani kwa senti chache, pamoja na bakuli la plastiki lenye kisiwa katikati na juu ya kisiwa mnazi wa plastiki. Watoto waliwapenda mno. Waliwabusu, wengine waliwatia mdomoni kabisa. Ndani ya matumbo ya kasa hao aliishi bakteria aitwaye Salmonella, ambaye hamsumbui kasa hata kidogo. Mtoto ndiye aliyeharisha, akachemka homa, wengine wakalazwa. Mwaka huohuo wa 1975 serikali ikapiga marufuku kuuza kasa mwenye gamba lisilofika inchi 4, kama sentimita 10. Mnajua kwa nini kipimo hicho? Kwa sababu kasa wa inchi 4 haingii mdomoni mwa mtoto mdogo. Nimeipenda sheria hiyo. Imeandikwa na mtu anayewajua watoto.

Wafugaji walijaribu njia ya mkato: kuyatibu mayai kwa antibiotiki ili vifaranga watoke safi. Wakapata vifaranga wenye Salmonella ambaye antibiotiki ile haimwezi tena. Basi mkipelekwa kisiwani Changuu, Unguja, kuwalisha wale kobe wakubwa ambao wazazi wao waliletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919, walisheni, wakuneni shingo, wanapenda. Kisha sabuni, kabla hamjagusa maembe. Kobe yule anaweza kuwa mzima kabisa na bado akawa na kitu cha kukuachia mkononi.

Turudi Quincy. Eksirei ya mapafu imekuwa nyeusi panapotakiwa, kijishimo cha mfupa kimejaa, damu safi, dawa zimesimamishwa na muda umepita bila dalili kurudi. Arobaini anazama mpaka chini ya bwawa, anatulia huko, anaibuka akiwa amenyooka. Anachomwa chini ya ngozi kifaa kidogo chenye namba, ili mashine imtambue popote atakapookotwa. Wenzake waliopona mapema, katikati ya baridi, walipakiwa kwenye ndege ndogo za marubani wa kujitolea wakapelekwa majimbo ya kusini. Yeye bega limemchelewesha mpaka maji ya hukohuko kaskazini yamepata joto, na anaachiwa upande wa kusini wa Cape Cod, nje ya ule mtego wa ghuba.

Mmoja wenu ameuliza kama Arobaini ni jike au dume. Kwa nje hakuna anayejua, akiwa mdogo hivi wote wanafanana. Kama ni jike, atafikisha umri wa kutaga akiwa na miaka 10 hadi 15 hivi, na huenda siku moja mtu wa Rancho Nuevo akapitisha mashine begani mwake, ikalia. Kama ni dume, hatutapata habari zake tena labda augue, maana dume wa kasa akishaingia baharini hana shida na nchi kavu.